Kitasa Kilichojaribiwa Mara Tatu

Swali: Shikamoo mzee. Nina miaka 31, ni karani wa ghala, na kwa miaka sita sasa nimekuwa nikiandika skripti usiku. Kila nikisikia waongozaji wakongwe wa filamu wakihojiwa, wanaanzia utotoni: vita, njaa, baba mkali, mama aliyeondoka. Mimi sina cha namna hiyo. Kwetu hakukuwa na lolote. Baba alirudi jioni, tukala, akafunga mlango, akajaribu kitasa mara tatu, tukalala. Basi. Je, mtu aliyelelewa hivi ana filamu ya kutengeneza? Na kama anayo, ataitoaje bila kuwaanika watu wa nyumbani? Au niseme tu nimechelewa, niachane nayo?

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama ulivyokusudia, nikamwona mtu mzima anayelalamika kwamba hakuteswa utotoni. Nikacheka kidogo, unisamehe. Mara ya pili nilikwama kwenye kitasa. Unasema kwenu hakukuwa na lolote, halafu papo hapo unaniambia baba alijaribu kitasa mara tatu. Ulihesabu. Mtoto hahesabu kitu kisichomhusu. Ulikuwa wapi wakati unahesabu? Umeshapanda kitandani, umejifunika, unasubiri ile ya tatu ndipo mwili ulegee? Na usiku ambao alijaribu mara mbili tu, ilikuwaje?

Kitasa tukiweke pembeni kwanza, nitakirudia.

Msituamini sana sisi wazee tunapohojiwa. Anakuja mtu na kinasa sauti, ana nusu saa, na swali lake la kwanza ni lile lile: utoto wako ulikuwaje? Huwezi kumjibu kwamba ulichopata utotoni ni kimo cha meza. Unampa tukio, kwa sababu tukio lina mwanzo na mwisho na linaenea kwenye ukurasa. Ukishalisimulia mara ishirini linakuwa kama kipande cha sabuni kilichotumika, linateleza lenyewe. Ninalo moja la baba na taa iliyozimika, watu hulipenda sana. Dada yangu huniambia taa yenyewe hatukuwa nayo mwaka ule.

Ninavyoamini, baada ya miaka zaidi ya arobaini ya kazi hii, kitu ambacho malezi humwachia mwongozaji ni mahali pa kutazamia. Umbali gani kutoka kwa watu, kimo gani kutoka sakafuni, muda gani kabla ya kugeuza uso. Hayo kila mtu anayo, aliyelelewa vitani na aliyelelewa kwenye nyumba iliyolala mapema kama yenu. Tofauti ni kwamba aliyeona makubwa hudhani makubwa ndiyo mali yake, na wewe uliyeona madogo unadhani huna mali.

Baba yangu alikuwa fundi saa. Tangu nikiwa na miaka sita hivi mpaka kumi na moja, kazi yangu baada ya shule ilikuwa kukaa kwenye kigoda upande wake wa kushoto na kushika kisahani cha skrubu. Skrubu za saa ya mkononi ni ndogo kuliko kichwa cha pini, ukipumua kwa nguvu zinaruka. Kwa hiyo nilikatazwa kusema, nilikatazwa kucheka, na kupumua kwenyewe kulikuwa kwa vibali. Wateja waliniona kama mguu wa meza. Nikiwa pale chini niliona vitu viwili tu: mikono ya baba kwa karibu sana, na nyuso za wateja kutoka chini, nusu zimekatwa na ukingo wa meza. Hapo katikati hapakuwa na kitu. Mpaka leo mpigapicha wangu hunitania asubuhi tukifika lokesheni: mzee, leo tunaanza na mikono au na kidevu?

Kulikuwa na mama mmoja aliyeleta saa ya mumewe kila baada ya miezi michache. Saa haikuwa na ubovu wowote. Baba aliipokea, akaifungua mfuniko wa nyuma, akaitazama kwa kile kioo cha jichoni, akaipuliza, akaifunga, akaitia ufunguo, akamrudishia kwa mikono miwili. Hakumtoza. Hawakusema kitu zaidi ya salamu. Nilikuja kuambiwa nikiwa mtu mzima kwamba yule mume alikuwa ameshafariki zamani. Lakini kwangu mimi sini ile, yaani onyesho lile, ilikuwa imekamilika hata kabla sijajua hilo, kwa sababu ya jambo moja: baba aliifungua. Angeweza kuiweka sikioni tu, akasema hii nzima mama, nenda nayo. Kila alipoletewa, aliifungua.

Sasa sikiliza nilivyokuja kuharibu.

Nilipofika miaka thelathini na tatu nilipata pesa za filamu yangu ndefu ya kwanza, na kama vijana wengi nikachagua kifo cha baba. Sini ya wodi niliipanga kwa wiki nzima. Kamera inaanzia nje ya jengo, inapanda, inaingia dirishani taratibu, inamfikia mgonjwa, mtoto wake anaanguka magotini, muziki wa fidla unapanda. Tulikodi kreni, mtambo wa kuinua kamera, kwa siku mbili kwa ajili ya shoti hiyo moja, kipande kimoja cha picha kisichokatwa. Siku ya kupiga, watu wote kwenye seti walilia. Mimi nililia nyuma ya kamera, nikajiona mwongozaji kweli kweli. Siku ya kuonyesha ukumbini hakuna aliyelia. Nilisikia mtu akikohoa, na mwingine akimwuliza mwenzake saa. Tukiwa tunatoka dada yangu akaniuliza, bila ubaya wowote, "Pale dirishani ulikuwa unafanya nini? Wewe ulikuwa mlangoni, umeshika viatu vyake."

Ni kweli. Muuguzi alikuwa amenipa viatu vya baba na sikujua niviweke wapi. Sakafuni niliona vibaya, kitandani haiwezekani. Nilisimama navyo mlangoni muda wote ule, nikiwa nimeviinua kidogo ili visiguse suruali. Filamu ilikuwa mikononi mwangu, na mimi nikaenda kukodi kreni.

Tangu siku hiyo, kila sini ninayoichukua kwenye maisha yangu nina swali moja ninalojiuliza kabla ya kuandika hata mstari: wakati ule nilikuwa wapi? Si nilihisi nini, hilo huwa linadanganya, maana hisia za leo hupenda kuvaa nguo za jana. Nilikuwa nimekaa wapi, niliona nini kutoka pale, na nini kilizibwa na kabati. Kilichozibwa ni muhimu kama kilichoonekana. Mtazamaji akizibwa mahali pale pale ulipozibwa wewe, anaanza kunyoosha shingo. Akinyoosha shingo, umempata.

Utasema hayo ni yako, mzee, wewe ulikuwa na kigoda. Basi tazama wengine.

Akira Kurosawa, mwongozaji wa Japani, alikuwa na miaka 13 tetemeko la Kanto lilipoipiga Tokyo, Septemba 1923. Kaka yake Heigo, aliyemzidi miaka minne, alimchukua wakatembee kwenye magofu, na magofu yalijaa maiti. Kila mdogo alipogeuza uso, kaka alimtaka atazame. Usiku mdogo akalala fofofo, akashangaa kwa nini hakuota ndoto mbaya, na kaka akamweleza kwamba anayefumba macho ndiye anayebaki na hofu, anayetazama kitu sawasawa hakimtishi tena. Kurosawa mwenyewe ameliandika hili uzeeni. Wengi wakilisoma hubaki na maiti. Mimi hubaki na kaka. Heigo huyo baadaye alikuwa msimulizi wa filamu bubu, wale waliokaa pembeni ya pazia ukumbini wakizipa sauti picha zisizo na sauti. Filamu za sauti zilipoingia kazi hiyo ikafa, na mwaka 1933 naye akajiua. Sasa nenda kazitazame filamu za mdogo wake. Tetemeko la 1923 hutalikuta, wala mzee anayesimulia hadithi ya kaka yake. Utakuta kamera isiyogeuza uso. Mvua, matope, mtu anayeanguka vibaya, inatazama tu. Alizoea kupiga kwa kamera zaidi ya moja kwa wakati mmoja, na lenzi ndefu kutoka mbali, ili mwigizaji asiwe na haja ya kuijali kamera. Ni jicho la mtu aliyeambiwa mapema sana kwamba kutazama hakuui.

Martin Scorsese, mwongozaji wa Marekani, aliugua pumu tangu mdogo. Wenzake wakiwa mtaani wanakimbizana, yeye alikuwa dirishani ghorofani akiwatazama, au ukumbini na baba yake kwa sababu kule angalau hakuhitaji pumzi. Sioni ajabu kwamba kazi zake zina shoti nyingi zinazotazama watu kutoka juu. Steven Spielberg, naye wa Marekani, alipotengeneza filamu ya E.T. mwaka 1982 aliishusha kamera kwenye kimo cha watoto, na kwa sehemu kubwa ya filamu, ukimtoa mama, sura za watu wazima huzioni. Unaona viuno, miale ya tochi, na funguo zinazoning'inia kwenye mkanda. Watu huzungumzia kiumbe kutoka anga za mbali. Mimi nilitoka ukumbini nikifikiria zile funguo, pengine kwa sababu ya kigoda changu.

Halafu wapo ambao ukiutafuta utoto wao kwenye matukio ya filamu hutaupata kabisa, na hawa ndio nataka uwafikirie zaidi. Yasujiro Ozu, mwongozaji mwingine wa Japani, hakuoa. Aliishi na mama yake mpaka mama alipofariki mwaka 1962, naye akafuata mwaka 1963, siku ile ile aliyotimiza miaka 60. Mtu huyu asiye na mke wala mtoto ndiye aliyetuachia zile filamu za baba anayemwoza binti yake kisha anabaki peke yake na nyumba. Hakuyaishi hata moja ya mambo hayo. Kamera yake ipo chini, karibu na sakafu, kana kwamba anayetazama ni mtu aliyeketi mkekani na kutulia, na haina haraka ya kuinuka. Miaka mingi ya utotoni alilelewa na mama huku baba akiishi na kufanya kazi mji mwingine. Nikiwatazama wale mababa zake wanaokaa kimya kwenye fremu, huona mtoto anayemchunguza mgeni ambaye ameambiwa ndiye baba. Hayo ni maoni yangu, usiyachukue kama historia.

Satyajit Ray wa India naye alikuwa mtoto wa jiji, wa ukoo wa waandishi na wachapaji, mwajiriwa wa kampuni ya matangazo. Filamu yake ya kwanza, Pather Panchali ya mwaka 1955, ni ya familia fukara kijijini, na ilitoka kwenye riwaya ya mtu mwingine. Mpigapicha wake alikuwa na miaka 21 na hakuwa amewahi kupiga filamu. Siku ya kwanza ya kazi, Oktoba 1952, walipiga kwenye uwanja wa majani marefu yenye maua meupe. Waliporudi wiki iliyofuata kumalizia, ng'ombe walikuwa wameyala yote. Ikabidi wangoje msimu mwingine maua yaote. Pesa zikaisha, vito vya mkewe vikawekwa rehani, kazi ikasimama, ikaanza, ikasimama tena. Ray mwenyewe alikuja kusema miujiza mitatu ndiyo iliyomwokoa: sauti ya mtoto wa kiume haikubadilika, msichana hakukua, na bibi kizee hakufa. Nimewasimulia wanafunzi wangu hadithi ya ng'ombe kwa miaka mingi kama somo la subira, lakini siku hizi nashuku somo lake ni jingine. Baba yake Ray alifariki yeye akiwa hajatimiza hata miaka mitatu. Alilelewa na mama aliyekuwa akifanya kazi, kwenye nyumba ya ndugu. Kijiji hakukijua. Mama anayeshikilia nyumba baba akiwa hayupo, huyo alimjua toka alipoanza kutembea.

Kwa hiyo la kwanza nimekujibu.

La pili ni gumu zaidi. Watu wa nyumbani.

François Truffaut, mwongozaji wa Ufaransa, alikuwa na miaka 27 alipotoa filamu yake ndefu ya kwanza mwaka 1959, ya mtoto asiyetakiwa sana na wazazi wake, anayeiba, anayefungiwa. Dunia nzima iliipokea. Wazazi wake waliumia, na wao hawakuwa watu wa sinema, hawakuwa na filamu ya kumjibu. Spielberg alifanya kinyume. Talaka ya wazazi wake imezunguka kwenye kazi zake kwa miaka mingi, imejificha nyuma ya viumbe na vita, lakini filamu yenyewe ya familia yake aliitoa mwaka 2022, mama akiwa ameshafariki mwaka 2017 na baba mwaka 2020. Na mama huyo, kwa simulizi ya mwanawe, ndiye aliyekuwa akimsukuma: utaisimulia lini hadithi yetu? Sikuambii nani alifanya vyema. Aliyesubiri alikosa kuwaona wakiitazama. Asiyesubiri aliwaona.

Kuna njia ya tatu, na hii ndiyo ninayoipenda. Alfonso Cuarón wa Meksiko, kwenye filamu yake Roma ya mwaka 2018, alilitengeneza upya jumba la utoto wake, akakusanya samani za zamani kutoka kwa ndugu waliogawana, akachagua sakafu ifanane na ile ile. Mtu angetegemea yeye mwenyewe akae katikati ya hayo yote. Alitoka. Katikati alimweka mfanyakazi wa ndani aliyemlea, baada ya kukaa naye kwa mazungumzo marefu akimwuliza siku zake zilikwendaje, ameamka saa ngapi, amevaa nini. Kati ya watoto wanaokimbia ndani ya nyumba ile, yupi ndiye Cuarón? Mtazamaji wa kawaida hajui wala hajali. Na ndivyo inavyotakiwa.

Mimi nimekosea hapa kuliko kwenye kreni. Kwenye filamu yangu ya pili nilimweka mjomba wangu kama mlevi, kwa sababu sini ilihitaji mtu wa kuchekesha. Mjomba hakuwa mlevi. Alikuwa na kigugumizi, na kwenye sherehe alikunywa kidogo apate kusema. Ona, ukweli ulikuwa mzuri kuliko uongo wangu mara kumi, mtu anayekunywa ili sentensi moja itoke, lakini sikuwa na muda wa kuutafuta. Alikaa miaka tisa bila kukanyaga kwangu. Alipokuja, hakulitaja, na mimi sikulitaja, tukazungumzia mvua.

Baada ya mjomba nilianza desturi ambayo sijaiacha. Sini ikimhusu mtu aliye hai, namsomea kabla ya kupiga. Ruhusa siombi, ukiomba ruhusa unampa mtu kazi ya kulinda sifa yake, naye ataifanya. Namwuliza, hapa nimekosea wapi? Watu wana wivu sana na usahihi. Nilimsomea mama sini ambamo anachoma barua zote za baba. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, akasema, "Sikuzichoma zote." Nikauliza zilizobaki ziko wapi. Akasema, "Wewe andika yako." Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haikutaka kusema. Lakini sini ilibadilika. Tuliipiga hivi: barua zinaingia motoni moja moja, mkono unafika kwa moja, unasita, unaiweka chini ya goti, unaendelea na nyingine. Mwigizaji aliniuliza ile barua ina nini ndani. Nilimjibu kweli, sijui. Aliicheza vizuri kuliko kama ningemtungia.

Kuhusu kuchelewa sitakaa sana, kwa sababu si swali la kweli, ni hofu imevaa miwani. Ousmane Sembène wa Senegal, mtoto wa mvuvi, alifukuzwa shule, akawa fundi wa kujenga, akawa mpakuaji wa shehena bandarini Marseille, akaandika riwaya, na alikuwa anakaribia miaka 40 alipokwenda Moscow kujifunza filamu. Alichoka kuandika vitabu ambavyo watu aliowaandika wasingeweza kuvisoma. Filamu yake fupi iliyomtambulisha, Borom Sarret, ni ya mwaka 1963, dakika ishirini hivi, siku moja ya mtu mwenye mkokoteni wa farasi. Ile miaka ya bandarini hakuipoteza. Hesabu ni mara ngapi kwenye filamu ile pesa inapita mkononi, nani anaitoa na nani anaahidi tu. Hilo ni jicho la mtu aliyewahi kulipwa kwa siku. Filamu yake ya mwisho aliitoa mwaka 2004, na miaka yake 81. Manoel de Oliveira wa Ureno alipita miaka 100 bado anaongoza. Wewe una 31 na umekaa ghalani unawatazama watu wakisaini vitu ambavyo hawajavihesabu. Usiache kazi bado. Andika wanavyoshika kalamu.

Neno moja tu kuhusu skripti za usiku, maana umetaja miaka sita. Umeandika ngapi na umepiga ngapi? Kama jibu ni nyingi na sifuri, hapo ndipo penye tatizo lako, si kwa baba wala kwa utoto. Karatasi haikujibu. Ukiandika "anafungua mlango kwa huzuni" karatasi inakubali. Mwigizaji atakuuliza, mkono upi?

Sasa kitasa.

Tumia simu yako, inatosha. Tafuta chumba kimoja, kitanda, mlango, na mtu wa kukaa upande wa pili wa mlango. Iweke kamera kwenye kimo cha kichwa cha mtoto aliyelala, kama sentimita hamsini kutoka sakafuni, na usiiinue hata kama picha itakuwa mbaya. Mlango ule anaoufunga baba usiuonyeshe, nina hakika kutoka kitandani hukuuona. Ulichoona huenda ni mstari wa mwanga chini ya mlango wa chumba chenu, na kivuli cha miguu kinapita. Onyesha huo mstari. Mtoto anayeigiza mgeuzie kamera kisogo, au uonyeshe mguu wake tu chini ya shuka. Mwambie ahesabu kimoyomoyo, na usimwambie kitu kingine. Ukimwambia aogope atakunja uso.

Sauti ishughulikie zaidi ya picha. Kabla ya kuanza, nyote mkae kimya dakika nzima na urekodi chumba kikiwa kitupu. Kila chumba kina ukimya wake, na utauhitaji huo huo kuziba mianya utakapohariri. Ukimya wa chumba kingine utasikika kama kiraka. Kitasa kirekodi peke yake, simu ikiwa karibu. Na usitumie kitasa kipya. Kitasa kipya hufunga, cha zamani hubishana kidogo kabla ya kufunga, na nadhani ule mbishano ndio uliokuwa ukimfanya baba arudie.

Piga mara tano, usikate katikati. Kila moja iendelee hata baada ya jaribio la tatu, nusu dakika, mpaka mwanga uzimike. Kisha piga ya sita. Kabla ya hiyo, mfuate aliye upande wa pili wa mlango, umnong'oneze ajaribu mara mbili tu, aondoke. Mtoto usimwambie. Wewe kaa nyuma ya simu uutazame ule mguu chini ya shuka.

Wiki nyingine hamisha kamera. Iweke upande wa pili, begani kwa baba, uione mikono yake na mlango, na sauti za watoto ndani zikinyamaza moja moja. Hapo utakuwa umesimama aliposimama yeye, na kwa hesabu zangu umri wenu haupishani sana. Ile ya kitandani na hii ya mlangoni ziweke pamoja, ujaribu ipi itangulie. Sitakuambia ipi.

Na kama mzee yupo hai, usimwulize kwa nini alijaribu mara tatu. Atakujibu "usalama", na mazungumzo yatakuwa yameisha. Nenda kwake jioni, ukae mpaka saa ya kulala, umwombe akuonyeshe alivyokuwa akifunga. Tazama mkono gani unatangulia, na macho yake yanakwenda wapi wakati mkono uko kitasani, kwenye mlango au kwenye vyumba mlimokuwa mmelala. Kamera nenda nayo, lakini siku ya kwanza ibaki mfukoni.